Maji ya Kunde na Damu ya Mzee

Najua nimepotea. Nilikuwa nyumbani Sumbawanga, kule Majengo, kwa ajili ya sendofu ya mdogo wangu wa kike. Wanaoijua Ufipa mwezi wa saba hawahitaji kusimuliwa: asubuhi unavaa sweta, juu yake jaketi, na bado upepo unakuuliza unatoka wapi. Nilikwenda kama kaka mkubwa, kazi yangu ikiwa kukusanya michango na kubishana na mwenye maturubai. Sikwenda kutafuta habari. Lakini ukishakuwa mwandishi wa gazeti, habari inakufuata hata saluni ya kike.

Ndiyo, saluni ya kike. Mdogo wangu aliniomba nimsindikize akachague rangi ya nywele, maana mlipaji nilikuwa mimi. Dada msusi akatoa pete kubwa ya plastiki yenye vishungi vya nywele vilivyoning'inia kama funguo za mlinzi wa shule, kila kishungi na namba yake. Kwa wanaume wenzangu msiojua, zile namba ni lugha kamili. Namba 1 ni nyeusi tii. 1B ni nyeusi ya kawaida, kama nywele zetu wengi. Namba 2 na 4 ni kahawia iliyokolea. 27 inakaribia asali. 30 na 33 zina wekundu wa shaba. 99J ni nyekundu ya mvinyo. Na 613 ni dhahabu, nywele za Mzungu wa kwenye sinema. Mdogo wangu akaishika 613 asiiachie.

Msusi akamtazama usoni, akakitazama kishungi, akasema kwa upole kabisa: "Mdogo wangu, hii haitakupendeza. Wewe ni maji ya kunde. Hii ni ya weupe."

Tukaondoka tukisema tutarudi Ijumaa. Siku mbili baadaye mama akaniita jikoni, akanipa kikopo kidogo cha plastiki. "Wewe si ndiye msomi? Nisomee hiki kimeandikwa nini." Hakikuwa kimeandikwa kitu. Ulikuwa mkorogo. Haikuhitajika maabara, harufu yake anaijua kila aliyewahi kubanana kwenye daladala. Nikamwita mdogo wangu nje, pembeni ya bomba. Hakukasirika wala hakulia. Alinijibu kama mtu aliyekwisha kupiga hesabu zake: "Kaka, nywele nimeshazipenda. Tatizo wameniambia haziendani na rangi yangu. Sasa si nibadilishe rangi?"

Nilikosa la kusema. Siku zote nilidhani mtu ana ngozi yake, halafu anatafuta rangi ya nywele inayoifaa. Mdogo wangu alikuwa ameigeuza hesabu: ameshapata nywele, anatafuta ngozi ya kuzifaa. Na ukiifikiria vizuri, hakukosea hesabu. Alikosea kukubali swali. Nani alisema 613 ni ya weupe? Alisema lini? Na kwa mamlaka gani?

Usiku ule sikulala mapema. Haya ndiyo niliyoyapata.

TUANZE NA KUNDE

Kiswahili kina vivumishi vitatu tu vya rangi vinavyobeba viambishi vya ngeli: -eupe, -eusi na -ekundu. Mtu mweusi, kitu cheusi, nyumba nyeusi. Rangi nyingine zote tunazionyesha kwa kidole. Kijani ni majani. Kijivu ni majivu. Kahawia ni kahawa. Manjano ni ile ya jikoni, ya kwenye mchuzi. Zambarau na chungwa ni matunda. Ugoro ni ugoro. Na ile nyekundu iliyozama, ambayo wengine wetu tuliivaa miaka saba kwenye sweta ya shule, tunaiita damu ya mzee.

Maji ya kunde yako kwenye ukoo huo huo. Ni maji yanayobaki sufurianї ukichemsha kunde. Si meusi, si meupe, yana wekundu na udhurungi ndani yake. Na tazama jambo moja: kunde zikichemka dakika chache maji yana rangi moja, ukiziacha mpaka ziive yana rangi nyingine. Kwa hiyo maji ya kunde si namba moja kwenye pete ya plastiki. Ni familia nzima. Ndiyo maana tangazo la mtu aliyepotea likisema "mrefu wa wastani, maji ya kunde", nusu ya abiria wa basi la Mbeya wanaweza kujikagua.

Sisemi wazee wetu walikuwa malaika wa rangi. Wote tumesikia "mweupe" likitolewa kama sifa na "mweusi" kama utani wenye ncha. Lakini jina lenyewe, maji ya kunde, halimpi mtu cheo. Linasema anafanana na nini, basi. Halisemi anastahili nini.

HINA HAIKUULIZA UNA RANGI GANI

Kupaka nywele rangi si jambo lililoletwa na televisheni. Mwambao wetu umeijua hina kwa karne nyingi pamoja na Waarabu, Wahindi na Waajemi wa upande wa pili wa bahari. Majani ya mhina yanakaushwa, yanasagwa, yanakorogwa, yanapakwa. Bibi harusi wa Unguja anachorwa mikono na miguu. Mzee wa Kiislamu mwenye mvi anapaka ndevu zake, kwa mapokeo yanayomruhusu kubadili weupe wa mvi, na ndevu zinageuka rangi ya chungwa.

Hina ina tabia moja muhimu kwa mada yetu. Haiwezi kuondoa rangi iliyopo kwenye nywele, inaongeza tu ya kwake. Kwenye nywele nyeusi utaona wekundu mdogo ukisimama juani. Kwenye mvi utaona moto. Kwa hiyo swali la mwenye hina halikuwa "je, inaendana na ngozi yangu?" Hina ilikuwa ile ile kwa mweusi, maji ya kunde na mweupe. Swali lilikuwa: kuna nini leo? Harusi? Idi? Uzee? Rangi ilitangaza tukio.

Na bara vivyo hivyo. Wafua chuma wa Ufipa walijenga matanuri ya udongo marefu kuliko mtu, na watafiti waliowasikiliza wazee wameandika kwamba tanuri lile lilihesabiwa kuwa bibi harusi, likapambwa kabla ya kuwashwa moto. Hakuna aliyeuliza kama pambo linaendana na rangi ya udongo. Siku ilikuwa kubwa, basi bibi harusi anapambwa.

Sasa, desturi ya kuziweka ngozi na nywele kwenye jedwali, hii na hii, hiyo ilitoka wapi?

BOKSI LENYE VISHUNGI 30

Hapa wadau niliweka kikombe cha chai chini.

Mwanzoni mwa karne ya 20 Ujerumani ilikuwa na koloni letu, Afrika Mashariki ya Kijerumani. Boma lao la Ufipa lilikuwa Kasanga, kando ya Ziwa Tanganyika, wakaliita Bismarckburg. Huko Berlin, kwenye jumba la makumbusho, alikuwapo Felix von Luschan, aliyetengeneza kipimo cha rangi ya ngozi chenye vigae 36 vya kioo, kutoka cheupe kabisa mpaka cheusi kabisa. Mpimaji anaweka kigae karibu na ngozi yako, kwa kawaida sehemu isiyopigwa sana na jua, kisha anaandika namba.

Mwenzake, Eugen Fischer, akatengeneza cha nywele: kiboksi cha bati chenye vishungi 30 vya nywele bandia, kila kimoja na namba yake. Nilipoiona picha yake nilishtuka. Ukiondoa bati ukaweka pete ya plastiki, ungedhani nimeipiga kwenye saluni ya Majengo.

Fischer hakuwa msusi. Mwaka 1908 alikwenda Rehoboth, katika Namibia ya leo, koloni la Wajerumani ambako katika miaka hiyo Waherero na Wanama walimalizwa kwa maelfu. Alikwenda kupima watu waliozaliwa kwa mchanganyiko wa Waafrika na Wazungu: ngozi, macho, nywele. Mwaka 1913 akatoa kitabu akitaka ionekane kwamba mchanganyiko wa namna hiyo ni hasara kwa Wazungu. Mwaka 1927 akawa mkuu wa taasisi kubwa ya anthropolojia mjini Berlin, na Wanazi walipokuja walimkuta ameshatandika mkeka.

Luschan alikuwa mtu wa aina nyingine kidogo. Alipinga wazo kwamba kuna mataifa ya juu na ya chini kwa kuzaliwa. Lakini alikusanya mafuvu ya watu kutoka makoloni kwa maelfu. Watafiti wa Berlin walipoyachunguza miaka ya karibuni waliyatambua zaidi ya 1,100 yaliyotoka Afrika Mashariki ya Kijerumani, mengi Rwanda na mengine kwetu Tanzania. Mtu anaweza kuwa na mawazo mazuri na bado kabati lake likawa na bibi yako.

Sisemi pete ya saluni imezaliwa na boksi la Fischer. Sina ushahidi huo na sitautunga. Wauza vitambaa na wauza rangi za nyumba nao wana vipande vyenye namba. Ninachosema ni kwamba wazo la kumsimamisha mtu, kumwekea kipande cha rangi shavuni na kumwambia yeye ni wa fungu gani lina ukoo, na katika ukoo huo wapo ndugu ambao huwezi kuwaalika kwenye harusi.

KUTOKA KUPIMA MPAKA KUUZA

Miaka hiyo hiyo, Paris, mkemia kijana Eugène Schueller alikuwa akikoroga rangi za nywele. Mwaka 1907 alipata aliyoitaka, na mwaka 1909 akafungua kampuni ambayo jina lake kwa Kiswahili ni Kampuni ya Kifaransa ya Rangi za Nywele Zisizo na Madhara. Ukishaona mtu ametia "zisizo na madhara" kwenye jina la kampuni, ujue madhara yalikuwapo mtaani. Leo kampuni hiyo inaitwa L'Oréal.

Rangi hizi mpya zilifanya ambalo hina haiwezi. Amonia inafungua magamba ya unywele, peroksaidi inafuta weusi uliomo ndani, halafu rangi mpya inajengeka humo humo. Sasa kila mtu angeweza kuwa na nywele za rangi yoyote. Na hapo ndipo tatizo la muuzaji lilipoanzia: mteja mwenye uhuru wa kuchagua chochote huogopa. Lazima apewe mwongozo. Mwaka 1950 kampuni ya Clairol ya Marekani ikaleta rangi ya kupaka kwa hatua moja, na kuanzia 1956 matangazo yake yakawaambia wanawake kwamba ukichagua vizuri hakuna atakayejua kama umepaka.

Mwongozo uliotia fora ni wa mwaka 1980, kitabu cha Carole Jackson kiitwacho Color Me Beautiful. Kinamgawa kila binadamu kwenye majira manne ya mwaka: wewe ni wa machipuko, wewe wa kiangazi, wewe wa vuli ya majani kupukutika, wewe wa majira ya baridi. Kila majira na rangi zake za nguo, midomo na nywele. Nicheke au nilie? Sumbawanga tuna masika na kiangazi. Mvua ikinyesha tunalima, ikiacha tunavuna na kuoa. Mwanamke wa Majengo akiambiwa yeye ni "vuli ya majani kupukutika" atauliza majani ya nini, mahindi?

Wenye sayansi nao hawakuwa mbali. Mwaka 1975 daktari wa ngozi wa Marekani, Thomas Fitzpatrick, alipanga ngozi kwa jinsi zinavyoungua juani. Mwanzo alikuwa na mafungu manne, na yalihusu watu weupe. Sisi wa kahawia na weusi tuliongezwa baadaye, fungu la tano na la sita. Kipimo hicho ndicho kilichotumika mwaka 2015 kuzipa rangi zile emoji za kwenye simu yako. Kwa hiyo kila ukituma dole gumba la kahawia, unatumia jedwali ambalo mwanzoni halikuwa na nafasi yako.

Na lile la 613 kuwa "ya weupe"? Visiwa vya Solomon, katika bahari ya Pasifiki, wapo watu wenye ngozi nyeusi kama yetu waliozaliwa na nywele za dhahabu, bila kupaka chochote. Wageni walizoea kusema ni damu ya mabaharia wa Kizungu, au samaki, au jua. Mwaka 2012 wanasayansi walitangaza kwamba ni badiliko la jeni moja, na badiliko hilo halikutoka Ulaya. Muumba mwenyewe aliweka 613 juu ya ngozi nyeusi na hakuona kasoro.

KABLA SIJAPIGA KELELE

Nikirudi kwa mdogo wangu. Nilikuwa nimeshaandaa hotuba: mila zetu, heshima, Wazungu, mkorogo, vyote kwenye kapu moja. Kisha nikakumbuka hotuba hiyo imeshatolewa na vijana wa rika langu kabla sijazaliwa.

Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana. Kuanzia tarehe 1 Januari 1969 Dar es Salaam ilitakiwa isionekane vimini, mawigi, krimu za kujichubua wala suruali za kubana. Angalia orodha hiyo: kichwa na ngozi vimefungwa kwenye kamba moja na sketi. Tangazo halijatimiza hata mwezi, makundi ya vijana wa kiume Kariakoo yalikuwa yanawavamia wanawake kwenye mabasi kwa sababu ya walichovaa, mpaka polisi wakaingia. Barua zikamiminika magazetini. Wapo waliounga mkono, na wapo waliouliza swali ambalo sijaona likijibiwa vizuri hadi leo: kama wigi ni ya kigeni, suti na tai je?

Walioanzisha operesheni ile hawakukosea kila kitu. Krimu zile zilikuwa sumu kweli. Lakini walipoziweka pamoja na wigi na kimini, walifanya sumu ionekane kama suala la adabu. Msichana akaambiwa "unajidhalilisha" badala ya kuambiwa "hiki kina zebaki". Ilibidi tusubiri sheria ya chakula, dawa na vipodozi ya mwaka 2003, iliyounda TFDA, ili tuanze kuzungumza kwa lugha ya viambato: zebaki marufuku, haidrokwinoni marufuku. Tangu 2019 vipodozi viko chini ya TBS. Na kikopo cha mama kilikuwa hakina hata jina.

Kwa hiyo niliacha hotuba. Roy Willis, mwanaanthropolojia aliyekaa Ufipa miaka ya 1960, aliandika mwaka 1967 makala nzima kuhusu nafasi ya kichwa na kiuno katika fikra za Wafipa. Kichwa ni akili, ni mamlaka, ni ukubwa. Nikajiambia: kama kichwa ni mamlaka, basi cha mdogo wangu ni mamlaka yake. Kazi yangu ni kumletea taarifa kamili. Ndiyo kazi niliyosomea.

HAYA, RANGI ZENYEWE

Tulikaa mezani, yeye, mama na dada msusi aliyekuja kusuka nyumbani. Nawapa tuliyokubaliana, huenda ikamsaidia mtu wa maji ya kunde mwenye pete ya vishungi mkononi.

Kwanza, kemia iko upande wetu. Nywele nyeusi zikifutwa rangi hazirukii dhahabu. Zinapita kwenye wekundu, halafu chungwa, ndipo zifike manjano. Maana yake damu ya mzee na shaba ni vituo vya karibu, vinahitaji dawa kidogo na nywele hazichoki sana. 613 ni mwisho wa reli. Kufika huko nywele zetu za kipilipili, ambazo tayari ni rahisi kukatika, zinapigwa peroksaidi tena na tena. Hiyo ndiyo hoja ya kweli dhidi ya 613, na haihusu weupe wa mtu yeyote.

Pili, macho. Nywele zikifanana mno na ngozi, uso unapotea. Kwa maji ya kunde hiyo ni kahawia nyepesi isiyo na wekundu wala unjano, inakufanya uonekane umeamka na malaria. Zikizama kuliko ngozi, au zikiwa na wekundu wake, uso unajitokeza. Mwenye unjano kwenye ngozi mara nyingi hupendeza na asali na shaba, 27 mpaka 33. Mwenye wekundu au ubluu chini ya ngozi hupendeza na damu ya mzee na zambarau iliyoiva, ukoo wa 99J. Ukitaka kujua wewe ni yupi, chukua vitenge viwili, kimoja cha manjano na kimoja cha damu ya mzee, viweke kidevuni kwa zamu. Fanya hivyo nje, asubuhi, siyo chini ya taa ya saluni. Taa ya saluni ni rafiki wa saluni.

Tatu, jaribu kabla ya kupaka. Nunua rasta za rangi unayoitaka, suka, kaa nazo wiki mbili. Ukichoka unafumua, nywele zako ziko salama.

Nne, na hapa naomba msikilize. Rangi nyingi nyeusi na za kukolea zina kemikali iitwayo kwa kifupi PPD, iliyojulikana tangu 1863. Ndiyo hiyo inayotiwa kwenye unga mweusi tunaouita piko. Ulaya imeiwekea kikomo cha asilimia 2 ndani ya rangi ya nywele na hairuhusiwi kuchorwa kwenye ngozi. Sudan, ambako wanawake walizoea kuichanganya na hina ili ikolee haraka, madaktari wameandika tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 juu ya watu waliovimba uso na koo, wakaharibika figo, na wengine wakafariki. Pakiti isiyo na maandishi usiiguse. Yenye maandishi, pata tone dogo nyuma ya sikio, subiri saa 48. Ukiwashwa au ukivimba, acha. Na usiweke rangi siku moja na dawa ya kulainisha nywele. Achanisha angalau wiki mbili.

Tano, mkorogo. Hili nilimwambia mdogo wangu bila ukali: zebaki inakwenda kwenye figo, na wewe utataka kuzaa. Hakunijibu. Alikichukua kikopo, akatoka nacho nje. Sikumfuata kuangalia alikitupa wapi.

IJUMAA

Alirudi saluni bila mimi. Aliporudi nyumbani alikuwa amesuka rasta ndefu, si 613 na si nyeusi. Alisimama uani, jua la saa tisa la Ufipa, lile linalong'aa bila kupasha joto, likampiga kichwani, na zile rasta zikawaka wekundu uliozama. Mama aliacha kuchambua maharage, akamtazama kwa muda.

"Hii ndiyo namba ngapi?" akauliza.

"Tisini na tisa J."

"Hiyo ni damu ya mzee," mama akasema, akarudi kwenye maharage yake. "Nilikuwa na kitenge chake nilipoolewa."

Mdogo wangu akacheka. Kisha akanigeukia mimi, akasema akimaliza fungate bado anaitaka 613, ila ya wigi, na nianze kuweka akiba.

Naomba kuwasilisha.